Kikombe cha Buluu na Matundu Matatu

Tangu turudi kutoka Nairobi, kila anayepita hapa Yamumbi anasimama langoni na kuniuliza, "Mwalimu, kwani ilikuwaje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikifika katikati kuna mtu ananikatiza ili anieleze yaliyompata mtoto wa binamu yake. Sasa nimeamua kuandika. Someni, mpitishiane, na mkimaliza mnirudishie daftari langu. Habari za barua, fomu na mihuri nitaziruka. Zilinichosha mara moja na inatosha.

Jelagat mnamjua, binti yangu wa miaka sita. Mnaujua mluzi uliokuwa ukitoka kifuani mwake akipanda hata kilima cha kisimani. Mnajua pia kwamba kliniki ilisema ni kifua kikuu, akameza vidonge miezi na miezi bila kuruka hata kimoja, na mluzi ukabaki palepale. Vidonge viliisha lakini jina la ugonjwa halikuisha. Siku moja baada ya ibada, chai ilipokuwa ikigawiwa, niliona kikombe kimoja cha bati, cha rangi ya buluu, kimewekwa peke yake mwisho wa meza. Nikauliza ni cha nani. Wote mkaanza kuangalia sukari.

Nilikichukua, nikakitia mkobani, nikaenda nacho nyumbani. Kwa hiyo mliokuwa mkikitafuta mkome kuwashuku watoto wa kwaya. Sikukiiba. Si mlikitenga kiwe cha mwanangu?

Mjini Eldoret: swali la mbwa

Daktari wa mjini alikuwa kijana mwembamba aliyevaa soksi za rangi tofauti. Aliichukua picha ya eksirei, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko wote waliowahi kuitazama. Kisha akanigeukia.

"Mama, nyumbani mko na mbwa?"

"Wako wawili."

"Wanalala wapi?"

"Nje, kama mbwa. Wa kwako wanalala wapi?"

Nilidhani ananiuliza kama tunaishi kwa uchafu, na nilikuwa nimeshachoka kuulizwa mambo ya aina hiyo. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanieleza kwamba kuna mfuko wa maji unaoota mwilini kutokana na minyoo ya mbwa, na huo hautobolewi ovyo, maana maji yake yakimwagika ndani ni hatari kubwa. Alitaka kwanza kuwa na uhakika kwamba huu si wa aina hiyo. Jelagat akatolewa damu, akapigwa picha nyingine, na baada ya siku chache tukaitwa.

"Si ya mbwa," akasema. "Na si tibii. Nafikiri haijawahi kuwa tibii. Ona hapa." Akaweka kidole kwenye kivuli cha duara, kikubwa kama limau, kando ya bomba la hewa. "Huu ni mfuko wa maji aliozaliwa nao. Si saratani na hauambukizi mtu. Lakini unakua naye, na unabana njia ya pumzi. Ukiingia usaha, tutakuwa na shida kubwa."

Nilimwomba arudie hapo aliposema hauambukizi. Akarudia. Nikamwomba tena.

Kwa kawaida, alisema, mtoto hupasuliwa kuanzia chini ya ziwa mpaka mgongoni na mbavu zikapanuliwa. Lakini hospitali moja ya Nairobi ilikuwa na daktari mgeni, aliyekuja kwa muda mfupi na vyombo vyake: bomba jembamba lenye taa, na mikasi mirefu inayopita katika matundu madogo. Alikuwa amebakiwa na siku mbili tu za kupasua, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ile. Tulitakiwa tuwe wodini Jumatatu.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka daktari. Mzee mmoja wa kanisa alinionya nisimpeleke mtoto akafanyiwe majaribio. Hedimasta alisema wiki ile haiwezekani, kwa sababu kwaya ya shule ilikuwa inafanya mazoezi ya kumpokea mkubwa wa serikali. Nikamwambia kwaya itaimba bila mimi. Mume wangu alisema maneno mawili, "Nendeni tu," akabaki na ng'ombe na watoto wengine, na ndiyo sababu bado ni mume wangu.

Mama mkwe wangu, tunayemwita Gogo, hakubisha. Alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yanayowekwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani mpaka yanakuwa na rangi ya jivu. "Asiingie kwa kisu kabla hajaonja maziwa ya nyumbani," akasema. "Hata tone." Kwetu mtu hatumwi kwenye jambo kubwa na mdomo mkavu. Nikaahidi.

Eldoret hadi Timboroa: basi linakata tamaa

Jumatatu asubuhi pale steji, vijana wa chama walikuwa wamesimama mlangoni mwa basi wakitaka kadi ya chama. Nikatoa yangu. Mmoja akamwangalia Jelagat.

"Na huyu?"

"Huyu ana miaka sita. Kwani chama kimekosa watu?"

Abiria waliokuwa nyuma yangu walikohoa wote kwa pamoja, kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Kijana akanitazama, akautazama mkoba wangu, akanipisha.

Basi lilikufa Timboroa. Dereva alifungua boneti, akaifunga, akasema spea itatoka Eldoret. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ile ikamshika Jelagat, mluzi ukaanza. Mama aliyekaa karibu nasi akasogea. Kisha wa nyuma yetu. Muda si muda tulikuwa na viti sita sisi wawili.

"Mama, huyo mtoto ako na tibii?" akauliza mwanamume mmoja, shuka mdomoni.

Nikasimama katikati ya basi nikafundisha. Niliwachorea mfuko wa maji kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, bomba la hewa, mapafu upande huu na upande huu, nikauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyekuwa na swali. Lakini muuza viazi vya kuchemsha aliyekuwa mlangoni alisikiliza mpaka mwisho, akaingia, akakaa karibu na Jelagat, akammenyea kiazi, akamtilia chumvi. Tulikula viazi vinne vya moto na spea haikuja.

Timboroa hadi Nakuru: lori la mahindi

Aliyetuokoa ni Abdi, Msomali mwenye lori, anayechukua mahindi Eldoret na kuyapeleka Nairobi. Alisimama kumpa dereva wetu ushauri, akamwona mtoto anavyohangaika kupumua.

"Mama, panda huku mbele. Hapa baridi inaua hata gari, sembuse mtoto."

Ndani mlikuwa na joto la injini na chupa ya chai yenye iliki na tangawizi. Jelagat akanyweshwa kwa kikombe chake cha buluu. Alipomaliza, Abdi, macho yako barabarani, akakichukua mkononi mwake, akajimiminia chai, akanywa.

"Hicho ni kikombe cha mtoto," nikasema haraka.

"Si amemaliza?"

Niligeuka nikaangalia dirishani mpaka tukapita Makutano, kwa sababu sikutaka mtu anione nikilia kwa ajili ya kikombe. Kisha nikamweleza kila kitu, na Abdi akasikiliza, akasema tu kwamba watu wanapenda sana kuogopa.

Tulibishana kuhusu maziwa. Yeye alisema hakuna maziwa yanayomshinda ngamia. Nikamwonjesha mursik.

"Mama, hii maziwa imeungua?"

"Ndivyo inavyotakiwa iwe."

"Haya. Pole."

Karibu na Nakuru polisi walitusimamisha. Barabara imefungwa, mkubwa anapita. Malori, mabasi, trekta, wote tukapangwa kando. Watoto wa shule walikuwa wamesimamishwa juani na vibendera. Tulikaa saa tatu na zaidi. Jelagat akauliza, "Na yeye anaenda hospitali?"

"Nani?"

"Huyo mkubwa. Sisi tunaenda hospitali na tumesimama."

"Shh, dada," Abdi akasema, akacheki kioo cha pembeni. "Hiyo ni ya kweli, lakini uiseme ukiwa kwenu."

Basi sasa tuko kwetu, na nimeisema. Magari yalipopita, yalipita kwa kasi hata hatukuona uso wa mtu. Jua lilikuwa limeshuka, na Abdi akatupeleka kwa dada yake pale Nakuru, akatulaza kama jamaa. Jumatatu ikawa imepotea.

Nakuru hadi Nairobi: benchi

Jumanne tulikula mahindi ya kuchoma pale juu ya bonde, Jelagat akiwa amekaa juu ya gunia kama bibi arusi, na adhuhuri Abdi akatushusha kwenye lango la hospitali. Wodini nikakutana na sista mkuu, mwanamke mrefu mwenye saa iliyobanwa kifuani.

"Mlikuwa mje jana. Kitanda kimepewa mwingine."

"Jana barabara ilikuwa na mwenyewe, sista."

Hakucheka. "Rudi nyumbani, utaandikiwa barua."

"Daktari atakuwa bado yuko hiyo barua ikifika?"

"Hapana."

"Basi sitaki barua. Nitakaa hapa."

Palikuwa na benchi karibu na mlango. Nikakaa. Mkobani nilikuwa nimebeba madaftari ya hesabu ya darasa la nne, maana kwaya iimbe isiimbe, wale watoto wana mtihani. Nikatoa kalamu nyekundu nikaanza kusahihisha. Sista akipita, nasahihisha. Akirudi, nasahihisha. Jioni askari alitumwa anitoe. Nikamwonyesha daftari la mtoto aliyeandika sita mara nane ni hamsini na sita, tukasikitika pamoja, akasahau alichotumwa. Usiku ule Jelagat alilala mapajani mwangu kwenye benchi lile lile.

Jumatano mchana sista alisimama mbele yangu. "Wewe utamaliza lini hizo vitabu?"

"Ziko nyingi, sista."

"Kitanda cha mwisho, dirishani. Na viatu mvue."

Jioni daktari mgeni akaja, mtu mfupi mwenye mikono midogo. Sista alikuwa mkalimani. Kwa kalamu, daktari alimwekea Jelagat nukta tatu ubavuni. Katika moja ataingiza taa, katika nyingine mbili mikasi. Pafu la upande ule litalazwa bila hewa kwa muda ili apate nafasi, atatoboa mfuko, atanyonya maji, kisha atautoa mfuko wenyewe. Lakini akiona damu nyingi, au mfuko ukikataa kutoka, atapasua kama wanavyopasua wengine. Alitaka nikubali yote mawili kabla hajaanza. Nikakubali yote mawili. Huyo nilimpenda kwa sababu hakuniahidi kitu ambacho hana.

"Kuanzia saa sita usiku, mtoto asipewe chochote," sista akasema. "Hata maji. Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia."

Alhamisi: tone la maziwa

Sasa mtanicheka, na mna haki.

Nilikuwa nimesikia, na nilitii. Sikumpa chakula. Sikumpa maji. Lakini asubuhi alipovikwa lile gauni la kufungwa mgongoni, nikakumbuka ahadi ya Gogo. Katika akili yangu ile ilikuwa baraka, kama kuwekewa mkono kichwani. Nani huhesabu baraka tumboni? Nikamimina kidogo kwenye kikombe cha buluu, ili alambe tu. Mtoto alikuwa na kiu ya usiku mzima. Kabla sijaondoa mkono, alikuwa amemeza karibu nusu kikombe.

Nikamfuta midomo. Tukasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa thieta. Hapo daktari wa usingizi, mama mmoja mwenye miwani, akainama.

"Amekula au kunywa kitu tangu usiku?"

Marafiki zangu, ningeweza kusema hapana. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimepita vijana wa chama, basi bovu, barabara iliyofungwa na siku nzima ya benchi ili nifike kwenye mlango ule. Neno moja tu na tungeingia. Lakini alivyouliza, alikuwa ameacha kila kitu mikononi na ananitazama mimi, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Amekunywa maziwa," nikasema. "Sasa hivi. Nimempa mimi."

Alivua miwani. Akanieleza polepole kwamba mtu akilazwa kwa dawa, kilichoko tumboni hupanda, na kikiingia mapafuni kinaweza kumuua palepale mezani. Kisha akageuza kitanda.

Sista alinikuta kwenye korido. "Mwalimu mzima!" akafoka. "Mtu wa kusoma! Nilikwambia hata maji!"

"Ilikuwa ni baraka, sista. Kwetu mtoto haendi kwa kisu bila kuonja."

"Na hiyo baraka yenu nusura imzike!"

Nililia mbele ya watu. Nilijua nimemfanyia mwanangu kwa mkono wangu kile ambacho safari yote haikuweza kumfanyia. Na orodha ya Ijumaa ilikuwa imejaa.

Nilipomaliza kulia nikanawa uso, nikaenda kumngojea daktari mgeni mlangoni mpaka akatoka. Sista alikuwa nyuma yake.

"Mwambie kosa ni langu na kifua ni cha mtoto," nikasema. "Kama ni kufukuza, anifukuze mimi. Mtoto abaki."

Sista alitafsiri, na nadhani aliongeza yake, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kirefu kuliko Kiswahili changu. Daktari akaniuliza kitu kimoja: mbona nilisema, na hakuna aliyeniona?

"Kwa sababu ningekuwa nimemuua nikiwa kimya."

Daktari akaangalia saa. Alisema yeye anaweza kuongeza mtoto mmoja mwisho wa orodha ya Ijumaa, lakini hawezi kupasua peke yake. Nani atabaki baada ya saa za kazi?

"Mimi nitabaki," sista akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha akaninyooshea mkono. "Leta hiyo kibuyu."

Alikifungia kwenye kabati la dawa za hatari, akatia ufunguo mfukoni.

Ijumaa: mluzi

Walimchukua alasiri. Nilisahihisha madaftari, na wazazi wa darasa la nne wanisamehe, maana baadaye niligundua nilikuwa nimeweka alama ya kosa kwenye hesabu sahihi ukurasa mzima.

Giza lilikuwa limeshaingia dirishani walipomrudisha. Kulikuwa na plasta ndogo mbili, na pale kwenye tundu la tatu mpira ulioshuka mpaka kwenye chupa chini ya kitanda. Hakukuwa na mpasuko kutoka ziwani hadi mgongoni. Daktari aliniambia mfuko umetoka, ila kipande kidogo kilikuwa kimegandamana na bomba la hewa. Hakukikwangua, alikichoma ngozi ya ndani na kukiacha. Maji ya mfuko yalikuwa mazito kama ute wa yai.

Mimi nilimwinamia kifuani. Kwa miaka nilikuwa nimezoea kulala nikisikiliza mluzi ule, nikijua ukinyamaza kuna ubaya. Sasa ulikuwa umenyamaza, na kifua kinapanda na kushuka. Nilisikiliza mpaka sista akaniambia nimpe mtoto nafasi apumue.

Jumamosi, daktari aliporuhusu mtoto anywe, sista alikuja na ufunguo mkononi. "Sasa ndiyo wakati wa baraka," akasema. Alimimina mwenyewe kwenye kikombe cha buluu. Jelagat akanywa, akambakishia sista, akamnyooshea. Nilitaka kumweleza sista habari za kikombe hicho, lakini alikuwa ameshakinywea.

"Inanuka moshi," akasema.

"Ndivyo ilivyo."

Akafuta mdomo, akaangalia kama kuna anayemwona. "Ongeza kidogo."

Kurudi Yamumbi

Mpira ulitolewa, chupa ikaondolewa, na wiki iliyofuata basi lilitufikisha Eldoret bila kukata tamaa popote. Tuliposhuka njia panda, kabla sijashika mizigo, Jelagat alikuwa ameshaondoka mbio kuelekea langoni. Nilimwita asikimbie. Halafu nikafunga mdomo. Sikuwa nimewahi kumwona mgongo akikimbia.

Gogo aliyahesabu matundu. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na nusu kikombe.

"Mimi nilisema tone," akasema, akaenda kukama ng'ombe.

Hiyo ndiyo habari, na sasa sitaki kuulizwa tena langoni. Jumapili baada ya ibada chai itakuwa kwangu. Jelagat atagawa yeye mwenyewe, na atawaonyesha matundu mkitaka na hata msipotaka, maana amewaonyesha mpaka mbwa. Vikombe vyote nimevichanganya. Cha buluu kimo, nimekisugua mpaka kinang'aa, na atakayefika wa kwanza ndiye atakayekinywea.